Maswali ya wasomaji: waya gani uchomeke wapi

Toleo lililopita tuligusia kidogo habari ya kuchagua monita, basi barua zikamiminika, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: HDMI, DisplayPort, USB-C, VGA, kipi ni kipi na kwanini isiwe waya mmoja tu yakaisha. Nimechagua chache, nyingine nimezikata kidogo maana kuna msomaji kaandika kurasa tatu na picha za nyuma ya TV yake kila upande. Sio mbaya lakini, picha zimesaidia.

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimenunua monita ya 2560 kwa 1440 yenye Hz 144, nyuma ina HDMI mbili na DisplayPort moja, na kompyuta yangu inazo zote. Muuzaji kasema zote sawa tu chomeka popote. Rafiki yangu anasema nikitumia HDMI nimetupa hela. Nani mkweli? Mchana ni kazi za ofisi, usiku gemu kidogo.

JIBU: Marahaba. Wote wawili wamesema kweli nusunusu, ila mi nasimama na rafiki yako, japo sidhani kama sababu anayoifikiria yeye ndo yenyewe.

Tupige hesabu kwanza, maana bila hesabu haya mambo yanabaki ushabiki wa Simba na Yanga. Pikseli 2560 mara 1440, kila pikseli ina biti 24 za rangi, halafu picha nzima inatumwa upya mara 144 kila sekunde, ndo hizo Hz. Zidisha zote unapata karibu gigabiti 12.7 kwa sekunde, na hapo bado kuna zile nafasi tupu kati ya fremu na fremu ambazo nazo zinasafiri kwenye waya, ukiziongeza unafika kama 14. Sasa angalia mabomba yenyewe. HDMI 1.4, ile ya 2009, kwenye karatasi inaandikwa gigabiti 10.2, lakini kwa kila biti 10 zinazopita ni 8 tu ndo picha yako, mbili zinaliwa na usimbaji, yaani ule mpangilio wa kuzifikisha biti salama, kwaiyo kinachobaki ni 8.16. Haiingii hata ulazimishe. HDMI 2.0 ya 2013 inaandikwa 18, halisi 14.4, inaingia kwa kubanana sana. DisplayPort 1.2, ambayo ni ya 2010, yaani imetangulia HDMI 2.0 kwa miaka mitatu, halisi inabeba 17.28, inaingia na nafasi inabaki.

Umeona sasa? Swali sio HDMI au DisplayPort, swali ni HDMI ya toleo gani. Ziko monita za Hz 144 ambazo DisplayPort yake inatoa zote 144 lakini tundu la HDMI la hapohapo pembeni linaishia chini ya hapo, na huwezi kujua kwa kuangalia maana tundu la HDMI la 1.4 na la 2.0 yana umbo lilelile, pini 19 zilezile. Fungua kile kitabu kilichokuja kwenye boksi, tafuta jedwali la miingilio, utakuta wameandika kila tundu mwisho wake ni Hz ngapi. Watu hawakisomi kile kitabu, kinakaa kwenye boksi na ile nailoni.

Kwanini viko viwili? HDMI ilitoka 2002, na ukiangalia waanzilishi wake ni Hitachi, Panasonic, Philips, Sony, Thomson, Toshiba na Silicon Image, karibu wote watu wa TV, kwaiyo ndani yake kuna mambo ya sebuleni: sauti na picha waya mmoja, rimoti moja kuendesha vifaa viwili, sauti kurudi kwenye spika. DisplayPort ilikuja 2006 kutoka VESA, ambao ni watu wa kompyuta, nayo inatuma picha kwa vifurushi kama mtandao unavyofanya, ndo maana kuanzia hiyo 1.2 unaweza kuunga monita ya pili kutoka kwenye ya kwanza bila kurudi kwenye kompyuta, kama monita yenyewe ina tundu la kutolea. HDMI haina kitu hicho. Kwaiyo kwako wewe mwenye monita mezani: DisplayPort, wala usifikirie mara mbili.

Mambo mawili kabla hujafunga. La kwanza, plagi nyingi za DisplayPort zina vindoano viwili vidogo vya chuma na kitufe juu yake, siku ukitaka kuchomoa bonyeza kitufe ndo uvute, watu wanavuta kwa nguvu mpaka tundu linatoka na ubao wake. La pili, ukishachomeka ingia kwenye setingi za Windows, sehemu ya skrini, halafu setingi za ziada za skrini, uangalie Hz. Mara nyingi Windows inaiacha kwenye 60 yenyewe na haikwambii kitu. Kuna watu wamenunua monita ya 144 na mwaka wa pili huu wanaangalia 60 na wanakusimulia jinsi ilivyo laini.

SWALI: Laptopu yangu haina HDMI, ina USB-C mbili tu. Nimenunua adapta ya USB-C kwenda HDMI, nikichomeka TV inasema hakuna mawimbi. Lakini tundu ni zima, chaji inaingia vizuri na flashi inasoma. Adapta ni feki?

JIBU: Inawezekana ni feki ila usiitupe kwanza. USB-C ni jina la umbo la tundu tu, halisemi ndani kuna nini. Mtengenezaji anaweza kuweka tundu la USB-C linalopitisha chaji na data basi, na anaweza kuweka lingine linalopitisha na picha pia kwa kuazima zile nyaya za ndani na kurusha DisplayPort kupitia humo. Yote mawili kwa macho ni kitu kimoja. Na kwenye laptopu moja unaweza ukakuta la kushoto linatoa picha la kulia halitoi, kwaiyo kabla ya yote hamishia adapta upande wa pili ujaribu.

Ikikataa na huko, angalia alama pembeni ya tundu. Ukiona herufi D na P zimeshikana, au kile kimshale cha radi chenye ncha ya mshale chini ambacho ni Thunderbolt, picha inatoka. Kisikuchanganye na alama ya betri au plagi ya umeme, hiyo inaongelea chaji tu. Kama hakuna alama yoyote basi tafuta modeli kamili ya laptopu kwenye tovuti ya kampuni, usome sehemu ya matundu neno kwa neno. Simu nazo hivyohivyo, ziko nyingi tu zenye USB-C zisizotoa picha kabisa na hakuna adapta ya dunia hii itakayozilazimisha.

Na kama siku nyingine utaunga monita kwa waya wa USB-C pande zote mbili, usichukue ule wa chaja ya simu. Nyingi za zile ndani zina nyaya za chaji na za USB 2.0 peke yake, zile za kupitishia picha hazimo.

SWALI: Nimeunga kompyuta kwenye TV ya 4K ya inchi 50 nikijua nitafaidi, lakini maandishi yana ukungu, mekundu ndo hayasomeki kabisa, na ukingo wa picha umekatwa, hata saa ya Windows pale chini inaonekana nusu. Filamu lakini ziko safi. Mume wangu anasema TV ni mbovu turudishe. Nifanyeje ndugu?

JIBU: Dada usirudishe, TV yako nzima kabisa, inafanya tu kile TV zinachofanya. Na umelielezea vizuri, hiyo ya maandishi mekundu imenipa jibu nusu kabla sijamaliza kusoma.

Tuanze na ukingo. TV za zamani za chupa zilikuwa zinaivuta picha kidogo nje ya fremu ili takataka za ukingoni zisionekane, na hii tabia ikarithiwa mpaka kwenye TV bapa ambazo hazina haja nayo hata chembe. Ingia menyu ya TV, sehemu ya ukubwa wa picha, utafute kitu kama Just Scan au Screen Fit au Full Pixel, kila kampuni ina jina lake, ukiwasha hicho kila pikseli ya kompyuta inakaa kwenye pikseli yake ya TV, saa yako inarudi.

Sasa ukungu. Jicho la binadamu linaona mwanga vizuri kuliko rangi, kwaiyo video karibu zote zinahifadhi mwanga wa kila pikseli ila rangi inachukuliwa moja kwa pikseli nne. Hio ndo inaitwa 4:2:0. Kwenye filamu huwezi kujua. Lakini herufi ya kompyuta mguu wake unaweza kuwa na pikseli moja tu, sasa ukiigawanya rangi na majirani watatu, nyekundu juu ya nyeusi inageuka kuwa tope. Kwa kompyuta unataka 4:4:4, kila pikseli na rangi yake kamili.

TV nyingi zinakubali 4:4:4 pale tu zikijua kwamba kilichochomekwa ni kompyuta. Kwaiyo nenda kwenye orodha ya miingilio, chagua ile HDMI unayotumia, ubadilishe jina lake au aikoni yake iwe PC. Inaonekana kama mapambo lakini kwenye TV nyingi ile aikoni inabadilisha kweli jinsi picha inavyochakatwa ndani. Halafu tafuta setingi inayolifungua tundu lipokee data nyingi zaidi: Samsung wanaiita Input Signal Plus, LG wanaiita HDMI Ultra HD Deep Colour, Sony wanaandika Enhanced format. Kwenye TV nyingi inakuja imezimwa, na ikiwa imezimwa unaweza kukuta 4K inaishia Hz 30, utaona mausi inavyoburuta kama imechoka, au inafika 60 lakini kwa hiyo hiyo 4:2:0. Mwisho kabisa shusha ukali wa picha, kile kitu cha sharpness, mpaka zile kivuli nyeupe zinazozunguka herufi zipotee. Kwenye TV nyingine hapo ni sifuri, nyingine ni katikati.

Na kama nyeusi inaonekana kijivukijivu, ni kwamba kompyuta inatuma rangi kwa kipimo cha video, 16 mpaka 235, wakati TV inasubiri 0 mpaka 255. Nenda kwenye programu ya kadi ya grafiki na menyu ya TV, hakikisha zote zinaongea kipimo kimoja. Mwambie na mzee kwamba risiti aitunze tu, haina kazi kwa leo.

SWALI: Nimeambiwa waya wa HDMI uliopakwa dhahabu unatoa rangi nzuri zaidi. Ni kweli? Na hizi zilizoandikwa "2.1" je?

JIBU: Dhahabu kazi yake ni kuzuia kutu pale kwenye plagi, rangi haijui lolote. Kinachopita mle ni namba, zikifika zimefika. Waya ukishindwa kazi huoni rangi zilizopauka, unaona vitu vya wazi: vijidoti vyeupe vinametameta kama chumvi imemwagika kwenye picha, au picha inakatika sekunde mbili inarudi, au giza totoro. Kama huoni chochote kati ya hivyo, waya wako na ule wa bei mbaya vinatoa picha moja, mchana kweupe.

Kuhusu namba, waya wenyewe kirasmi hauitwi kwa toleo, unaitwa kwa daraja. High Speed umepimwa kwa gigabiti 10.2, hapo 1080p na 4K ya Hz 30 zinapita. Premium High Speed ni 18, hio ni 4K ya Hz 60. Ultra High Speed ni 48, huo ndo wa 4K ya 120 na 8K, na boksi lake linatakiwa liwe na stika ya kuskani kwa simu kuhakiki. Kwaiyo ukikuta boksi limeandikwa "2.1" kwa maandishi makubwa na hiyo stika haipo, mi nauacha palepale dukani. Premium unatosha kwa nyumba nyingi tu, ila urefu uuangalie, mita mbili haisumbui mtu, ukifika kumi na unataka 4K ya 60 waya wa kawaida unaanza kukuletea ile chumvi, hapo tafuta wa faiba ambao una upande wa kutolea na upande wa kupokelea, ukiugeuza haufanyi kazi.

SWALI: TV niliyoipenda tangazo lake limeandikwa HDMI 2.1. Basi nina uhakika wa 4K kwa Hz 120?

JIBU: Hapana, na hapa kwa kweli wenye HDMI wametuchezea rafu. Toleo la 2.1 lilitoka 2017 na mambo mazito: gigabiti 48, 4K ya 120, skrini kubadilisha kasi yake kufuata gemu, eARC, yaani ile ya sauti kurudi kwenye spika. Lakini ikaja kujulikana 2021 kwamba kwa mujibu wa watoa leseni 2.0 haipo tena, imemezwa ndani ya 2.1, na hayo mambo mapya yote ni hiari. Maana yake TV yenye uwezo wa 2.0 ileile ya zamani inaandikwa 2.1 na hakuna sheria iliyovunjwa. Namba yenyewe achana nayo, tafuta maneno yenyewe: je inapokea 4K ya 120, ndio au hapana, na kwenye matundu mangapi. Unakuta TV ina HDMI nne, mbili tu ndo zinafanya hivyo, na wakati mwingine moja kati ya hizo mbili ndo hiyohiyo ya eARC ambayo ushachomeka spika, kwaiyo umebaki na moja.

Na kama unatumia Linux na kadi ya AMD soma zaidi kabla hujanunua. HDMI Forum mwaka 2024 waliikatalia AMD kuweka 2.1 kwenye draiva yake ya wazi, yaani ile programu ya kuendesha kadi ambayo msimbo wake yeyote anaweza kuusoma. Upande wa DisplayPort hakukuwa na kesi kama hiyo.

SWALI: Nina kompyuta ya zamani ina VGA tu. Nimenunua waya wa VGA upande mmoja, HDMI upande mwingine, TV iko kimya. Nimejaribu TV ya jirani, kimya.

JIBU: Na ya jirani wa tatu itakuwa kimya pia kaka. VGA ni ya 1987, ilikuja na kompyuta za IBM PS/2, na inatuma picha kwa umeme unaopanda na kushuka, analogi, ndo maana pini ya bluu ikipinda picha nzima inageuka njano. HDMI inatuma namba. Ule waya wako umeunganisha chuma na chuma tu, hakuna anayetafsiri katikati. Unachotaka ni kiboksi chenye chipu ndani, utakijua kwa sababu kinakuja na kiwaya cha USB cha kukipa umeme na kitundu cha sauti, maana VGA haibebi sauti. Angalia na mwelekeo umeandikwa VGA kwenda HDMI, vile vya HDMI kwenda VGA vimejaa na havigeuziki.

Ukiwa na DVI mambo ni rahisi, mawimbi yake ya kidijitali ni yaleyale ya HDMI, waya wa kawaida unatosha ila sauti usiitegemee. DisplayPort kwenda HDMI nayo adapta ndogo inatosha kama tundu la kompyuta lina alama ya DP na plasi mbili. Kinyume chake, HDMI kwenda monita ya DisplayPort, tunarudi kwenye kiboksi chenye umeme.

SWALI: Menyu ya kifaa changu cha kutazamia filamu inaonekana, nikibonyeza filamu ya 4K giza. Kwanini?

JIBU: HDCP. Ni ulinzi wa kuzuia kunakili, kifaa na TV vinaulizana kwanza kama vinaaminiana, na filamu za 4K kwa kawaida zinataka HDCP 2.2. Kitu kimoja katikati kikiwa na toleo la zamani, hata spika ya kupitishia tu, filamu inagoma au inashuka ubora. Chomeka kifaa moja kwa moja kwenye TV, jaribu matundu mengine maana TV za miaka ya mwanzo ya 4K zilikuwa na tundu moja moja tu lenye 2.2. Ikicheza, mchawi ni kile ulichokitoa katikati.

SWALI: Nimeweka kadi mpya ya grafiki, ina nguvu sana nasikia, lakini gemu zinakwama vilevile kama zamani. Picha inaonekana vizuri, waya HDMI mpya, monita mpya. Kadi imekufa?

JIBU: Msomaji huyu ndo aliyetuma picha kila upande, na kwenye picha ya nne jibu linaonekana. Waya wako umechomekwa juu, kwenye safu moja na matundu ya USB na ya kibodi. Hayo ni ya mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, yanatoa picha ya grafiki ndogo iliyo ndani ya prosesa. Kadi yako iko chini, yale matundu yaliyolala, bado yana vile vifuniko vya mpira. Toa kifuniko, hamishia waya hapo, na kwa kuwa kadi ina DisplayPort tatu na monita yako inayo, rudi swali la kwanza.